Shomoro wa nyongeza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu thamani yako na wewe ni nani ndani ya Kristo

Mimi nahudumu kwenye ibada ya Kiswahili hapa Kampala, na wanaokuja kwetu ni mchanganyiko: familia za polisi na jeshi kutoka baraksi, ndugu zetu Wakongomani, wafanyabiashara wa Busia, wanafunzi. Ibada ikiisha tunakaa kwenye benchi nyuma ya kanisa na maswali yanayokuja ni yale yale kila wiki, sura tu ndio zinabadilika. Nimeyaandika hapa ili asiyeweza kufika pale naye apate kitu. Swali likigusa lingine nitakutuma huko badala ya kurudia.

## Mambo ya msingi

1. Thamani yangu inatoka wapi hasa?

Inatoka kwa Mungu aliyekuumba, na ilikuwepo kabla hujafanya chochote. Mwanzo 1:27 inasema Mungu aliumba mtu kwa mfano wake, na hapo mtu alikuwa hajalima hata tuta moja, hajazaa, hajajenga. Kuheshimiwa kulikuja kwanza, kazi ikafuata.

Angalia pia ubatizo wa Yesu kwenye Marko 1:11. Sauti inatoka mbinguni, "Wewe ndiwe Mwanangu, mpendwa wangu, nimependezwa nawe." Kwa Marko hapo Yesu bado hajaponya mtu, hajahubiri, hana hata mwanafunzi mmoja. Sisi tumezoea kupongezwa baada ya matokeo kutoka, Mungu anapendezwa na Mwanawe kabla kazi haijaanza.

Alafu kuna shomoro. Kwenye Mathayo 10:29 shomoro wawili wanauzwa kwa senti moja, lakini kwenye Luka 12:6 ni shomoro watano kwa senti mbili. Fanya hesabu kama mtu wa sokoni: senti mbili ni shomoro wanne, huyo wa tano ametoka wapi? Ni nyongeza. Ni ile nyanya moja mama anakutupia kwenye kaveera, ule mfuko wa plastiki, pale soko la Owino ukishalipa, haihesabiwi, haina bei. Na Yesu anasema hasahauliki hata mmoja mbele za Mungu, maana yake hata huyo wa nyongeza. Watu wengi wanaokaa kwenye ile benchi wanajiona ni nyongeza kwenye familia yao, kwa hiyo mstari huu naurudia sana.

2. Ni waliookoka tu wenye thamani, ama kila mtu?

Kila mtu. Yakobo 3:9 inatukataza kulaani watu kwa sababu wamefanywa kwa mfano wa Mungu, na haijasema watu wa kanisani peke yao. Konda wa taksi aliyekutukana asubuhi anao huo mfano. Kuwa mwana wa Mungu kwa kumpokea Kristo, Yohana 1:12, ni jambo jingine linaloongezeka juu yake, ni kuingia nyumbani. Ila thamani ya mtu haisubiri aokoke ndio ianze.

3. Kujiona wa thamani si ni kiburi?

Kiburi ni kujiweka juu ya wengine. Warumi 12:3 inasema mtu asinie makuu kupita ilivyompasa, haijasema ajione takataka. Na kujidharau nako kuna hasara yake, soma Hesabu 13:33, wale wapelelezi wa Israeli waliotumwa Kanaani wanarudi wanasema "tukajiona nafsi zetu kuwa kama mapanzi, nao ndivyo walivyotuona sisi." Unaona wameanzia wapi? Walijiona wenyewe kwanza, alafu wakasemea adui wakati hakuna mahali adui amefungua mdomo. Taifa zima likakaa jangwani miaka 40 kwa ripoti ile.

4. Wanasema nimekuwa kiumbe kipya, mbona najiona yule yule?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, haswa na vijana waliookoka kwenye mkesha wakaamka Jumatatu na hasira zile zile.

Mfikirie mtoto aliyekuwa analala barabarani pale Kisenyi, familia ikamchukua. Siku ya kwanza tu yeye ni mtoto wa nyumba hiyo, ana kitanda, ana sahani yake. Lakini wiki za mwanzo utakuta ameficha kipande cha chapati chini ya godoro, kwa sababu tumbo lake bado linaamini kesho hakuna chakula. Je, si mtoto wa nyumba? Ni mtoto kabisa, mazoea ndio hayajapata habari. 2 Wakorintho 5:17 inaeleza wewe ni wa nyumba gani sasa, na kule kuficha chapati kutaisha polepole, kwa wengine kunachukua miaka na sio dalili kwamba wokovu haukushika.

Na muda sio unaokufanya wa kweli. Kizito, mmoja wa mashahidi wa Uganda waliouawa kwa imani yao, alikuwa kijana wa miaka kama 14, alibatizwa na Karoli Lwanga pale Munyonyo mwezi Mei 1886 wakati hukumu iko njiani, na tarehe 3 Juni akachomwa moto Namugongo. Alikuwa na siku chache tu za kuitwa Mkristo na alijua ni wa nani. Kila mwaka tukiona mahujaji wanatembea kwa miguu kwenda kule mi namfikiria huyo mtoto kuliko wakubwa.

## Nyumbani, jina na ukoo

5. Baba alinikataa. Nitawezaje kumwita Mungu Baba?

Pole sana, na wala sitakuharakisha. Kuna dada mmoja kwetu alikuwa akifika kwenye "Baba yetu uliye mbinguni" anafunga mdomo, anaendelea kutoka "utupe leo riziki yetu", na alifanya hivyo miaka miwili. Hatukumlazimisha. Alianza kuita Mungu kwa jina alilolitoa Hajiri kwenye Mwanzo 16, Mungu anionaye, na Hajiri mwenyewe alikuwa mjakazi mwenye mimba anakimbia kwenye jangwa, hakuna mtu aliyeuliza anaendelea aje.

Zaburi 27:10 inasema wazi, "Baba yangu na mama yangu wameniacha, Bali BWANA atanikaribisha kwake." Maandiko hayajifichi kwamba wazazi wengine wanaacha watoto. Na neno analotumia Paulo kwa Warumi 8:15, kufanywa wana, linabeba picha ya sheria za Kirumi, mtoto aliyepokelewa alikuwa na haki ya urithi kama wa kuzaliwa. Kwa hiyo kwenye nyumba ya Mungu hakuna mtoto wa nje.

Hiyo haimaanishi kidonda kinafungwa siku hiyo. Ukiona wenzako wanapigiwa simu na baba zao siku ya graduesheni itauma, acha iume, lia, alafu mwambie Mungu ukweli wote hata ule wa hasira.

6. Jina langu lina maana mbaya, nilibadilishe?

Waacholi wana majina kama Komakech, yaani bahati yangu mbaya, na Ocan, aliyezaliwa kwenye taabu. Mara nyingi mzazi alikuwa anaeleza maisha yake ya wakati ule, hakuwa anakupangia yako. Yabesi kwenye 1 Nyakati 4:9-10 aliitwa hivyo kwa sababu mama yake alimzaa kwa huzuni, na hakubadilisha jina, aliomba nalo hilo hilo na Mungu akampa alichoomba. Ukitaka kubadilisha badilisha, sheria inaruhusu, ila usifanye kwa woga kwamba Mungu hawezi kubariki mtu anayeitwa hivyo.

7. Nimeambiwa nina laana ya ukoo na inavunjwa kwa sadaka maalum.

Usilipe. Wagalatia 3:13 inasema Kristo alitukomboa katika laana ya torati kwa kufanywa laana kwa ajili yetu, na Ezekieli 18:20 inasema mwana hatachukua uovu wa baba yake. Kuna mambo yanapita kwenye familia kweli, pombe, kupiga wake, madeni, na hayo yanahitaji maombi na kazi ya kubadilika na wakati mwingine daktari. Lakini anayekuambia damu ya Yesu inangoja bahasha yako ndio ifanye kazi anakuibia.

## Shule, pesa, mwili, mahari

8. Nimefeli, sina kazi, wenzangu wako mbele. Nina faida gani?

Sisi hapa tunaanza kuhesabiwa mapema sana. PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ikitoka mtoto wa miaka 12 anatambulishwa kwa wageni kwa namba, "huyu alipata agrigeti 4", na ndugu yake aliyepata 28, maana huku namba ndogo ndiyo nzuri, amekaa pembeni anachezea kikombe. Akikua anahesabiwa kwa mshahara, akienda Dubai anahesabiwa kwa anachotuma nyumbani. Mtu akisoma hivyo maisha yote, anakuja na kwa Mungu na ripoti fomu mkononi anangoja kusikia yeye ni wa ngapi.

Kufeli kunauma na kunagharimu, siwezi kukudanganya, karo za wazazi zimeenda. Lakini kilichofeli ni karatasi. Waefeso 2:10 inasema "tu kazi yake", yaani sisi ndio ile kazi yenyewe, na matendo mema ameshayatengeneza tuenende nayo. Kama ni kuendesha boda, endesha kama mtu anayebeba mfano wa Mungu nyuma ya pikipiki yake, na msifanye kanisani kwenu benchi za mbele ziwe za wenye gari, Yakobo 2 ilishakemea hiyo tabia.

9. Kupaka mkorogo ni dhambi? Nataka tu kuonekana.

Kabla ya kujadili dhambi nataka kujua nani alikuambia ulivyo hauonekani. Mafuta mengi ya kuchubua yana zebaki, na zebaki inaharibu figo, hilo peke yake litoshe kukusimamisha. Wimbo Ulio Bora 1:5 yule binti anasema ni mweusi-mweusi, lakini ana uzuri, na kile kiungo cha Kiebrania hapo kinaweza kusomwa "na" vile vile: mweusi na mzuri. Mi nausoma hivyo. Aliyeshaanza kupaka asitengwe wala kuchekwa kwaya, msaidieni kuacha.

10. Mahari ndio bei yangu?

Hapana. Ng'ombe ni njia ya familia mbili kushikana mikono, na kwa wengi wetu ina heshima yake, siipigi vita. Shida inaanza mwanaume akisema "nilikulipia", hapo mke amegeuka mali. Mahakama ya Juu ya Uganda mwaka 2015 ilisema kudai mahari irudishwe ndoa ikivunjika ni kinyume cha katiba, na majaji waliona kwamba kurudisha huko kunafanya mwanamke kama kitu kilichonunuliwa sokoni. Mahari yenyewe haikukatazwa.

1 Petro 1:18-19 inasema tulikombolewa si kwa fedha wala dhahabu bali kwa damu ya Kristo. Dada uliyetolewa ng'ombe wawili na dada uliyetolewa kumi, mmegharimu sawa.

11. Sijaolewa, au nimeolewa na sijazaa, na ukweni wananisema.

Yale ya swali la 8 yanakuhusu, ni kuhesabiwa kule kule ila kwa watoto badala ya maksi. Hana kwenye 1 Samweli 1 alilia mpaka akashindwa kula, na Biblia haimwiti asiye na imani. Inaandika maombi yake kabla mimba haijaingia, Bwana anamsikiliza akiwa bado mikono mitupu. Na Yesu mwenyewe hakuoa wala hakuzaa, mtu asikuambie wewe ni nusu mtu.

## Kabila, lugha, ukimbizi

12. Nikiwa ndani ya Kristo naacha kuwa Mwacholi, Mganda, Mshi?

Huachi. Ufunuo 7:9 Yohana anaona watu wa kila taifa, na kabila, na jamaa, na lugha mbele ya kiti cha enzi, maana yake kule juu bado wanajulikana walikotoka. Wagalatia 3:28 inapoondoa Myahudi na Myunani inaondoa ngazi, yaani wa juu na wa chini.

Sisi wa ibada ya Kiswahili tunaijua hii kwenye ngozi. Wazee wengi wa Kampala walisikia Kiswahili kwenye rodibloku wakati wa Amin, kwao ni lugha ya bunduki, na hata kama katiba iliifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005 bado kuna mtu ukimsalimia kwa Kiswahili anashika mkoba wake. Niliwahi kuhisi aibu kuomba kwa sauti kwa lugha yangu. Kilichonitoa hapo ni kumsikia mama mmoja Mganda, kaka yake alichukuliwa enzi zile, akisimama kwetu kuomba kwa Kiswahili cha kuungaunga, anatafuta maneno, kanisa zima kimya.

Hata neno mlokole tunalolitumia Afrika Mashariki nzima limetoka kwenye Luganda, balokole, waliookoka. Mwaka 1929 pale Namirembe Simeoni Nsibambi, Mganda, na Joe Church, daktari Mwingereza, walikaa na Biblia wakaomba pamoja, na uamsho uliokuja kuwaka kutoka Gahini kule Rwanda miaka ya 1930 ukafanya mzungu na mwafrika waitane ndugu na kuungama dhambi mbele ya mmoja na mwenzake, wakati serikali ya kikoloni iliwaketisha viti tofauti.

13. Mimi ni mkimbizi. Kwenye kila fomu naandikwa mkimbizi, nimechoka.

Ukimbizi ni kilichokupata. Kadi inaeleza unaishi hapa kwa haki gani, na uitunze vizuri, ila haielezi wewe ni nani. Yesu alivuka mpaka usiku akiwa mtoto kwa sababu mfalme alitaka kumuua, Mathayo 2, akakaa Misri mpaka ikawa salama. Kule kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale na Kyangwali kuna watu walikuwa walimu, manesi, wazee wa kanisa, wamefika wakawa foleni tu. Nawaomba wenyeji tuwaulize majina na kazi zao kabla ya kuwauliza shida zao. Isaya 43:1 inasema "nimekuita kwa jina lako, wewe u wangu", na ilisemwa kwa watu waliokuwa uhamishoni.

## Yanayouma zaidi

14. Nilifanya jambo kubwa sana. Haya yote ni ya watu wasafi.

Petro alimkana Yesu mara tatu akiota moto wa makaa, Yohana 18:18. Kwenye Yohana 21:9 Yesu amefufuka, yuko ufukweni, amewasha moto wa makaa tena, anachoma samaki. Injili hiyo inautaja moto wa makaa mara hizo mbili tu. Harufu ile ile ya usiku wa aibu, na hapo hapo anaulizwa mara tatu "wanipenda?" na mara tatu anapewa kazi, lisha kondoo zangu. Hakufukuzwa na wala jambo halikufunikwa.

Kwa hiyo tubu, kuna cha kurudisha rudisha, kuna wa kuombwa msamaha muombe. Alafu kataa kuitwa jina la dhambi yako. "Hakuna hukumu ya adhabu juu yao walio katika Kristo Yesu", Warumi 8:1, na Paulo aliyeandika hayo aliwahi kuwapeleka Wakristo jela.

15. Nina VVU. Nimekuwa mtu wa aina gani sasa?

Yule yule wa swali la 1. Kwenye Marko 1:41 Yesu alimgusa mwenye ukoma kabla ya kumtakasa, mkono ulitangulia uponyaji. Meza dawa kila siku hata kama umeombewa, ukimeza vizuri mpaka virusi havionekani kwenye vipimo hutamwambukiza mwenzi wako kwa ngono. Mtu yeyote anayekuambia kuacha dawa ni imani usimsikilize, hata kama ameshika maikrofoni.

16. Pasta anasema tukiwa wana wa Mfalme lazima tuonekane matajiri.

Askofu mkuu Janani Luwum aliuawa Februari 1977 kwa kumwambia Amin ukweli, na hakuna mlokole wa Uganda anayesema alikosa imani. Hata lile soko la Owino jina lake rasmi ni la Yosefu Mukasa Balikuddembe, aliyeuawa Novemba 1885 baada ya kumlaumu Kabaka, mfalme wa Buganda, kwa kumuua askofu Hannington. Wale walikuwa wana wa Mfalme. Mungu anabariki na mali pia, lakini uwana haupimwi kwa viatu.

17. Wakati mwingine natamani nisiwepo. Ni pepo? Ni kukosa imani?

Eliya, nabii kabisa, alikaa chini ya mretemu akaomba afe, 1 Wafalme 19. Mungu hakumkemea. Alimtuma malaika na mkate uliookwa na maji, akalala, akaamshwa akala tena, na maongezi yakaja baadaye.

Kama mawazo hayo yanakuja, mwambie mtu leo, usilale nayo peke yako. Nenda kituo cha afya, ama Butabika, hospitali ya magonjwa ya akili, na usione aibu, kichwa kinaugua kama tumbo linavyougua. Ukishapanga namna ya kujidhuru usikae peke yako hata saa moja. Na ninyi mnaoambiwa, msianze na mistari, anzeni na chai na kukaa naye.

18. Aliyeniumiza ni kiongozi wa kanisa, na ananiambia Mungu amekataza kusema.

Anadanganya. Waefeso 5:11 inasema tuyakemee matendo yasiyozaa ya giza. Mtafute mtu mzima unayemwamini nje ya mzunguko wake, nenda polisi kwenye kitengo cha watoto na familia, na kama ni mtoto simu 116 ni ya bure. Kilichofanyika ni dhambi yake, hakijakuchafua wewe. Na kama huwezi kuingia kanisani kwa sasa, Mungu hajakasirika.

19. Nayajua haya yote kichwani lakini moyoni sisikii kitu. Nifanye nini?

Usisubiri kusikia. Kuna mzee kwetu, mjane, hajui kusoma, mjukuu wake alimsomea Isaya 43 mpaka akaishika kichwani. Kila asubuhi akiwasha sigiri anaisema kwa sauti na anaweka jina lake mwenyewe ndani, alafu anaweka na majina ya watoto wake, wanne, mmoja wao hajulikani aliko tangu vita. Nilimuuliza kama huwa anasikia kitu moyoni. Akasema siku nyingine ndiyo, siku nyingine anasikia tu moshi, lakini mkaa unashika zote mbili.